Alama Nyekundu Kwenye Njia ya Bungu

Tangu nirudi likizo hapa kambini kwenye shamba la chai, kila ninayekutana naye kisimani ananiuliza jambo moja: eti ni kweli wanafunzi wa shule yetu walishikwa na wanakijiji huko milimani? Mmoja amesikia tulishikwa kwa wizi wa viazi. Mwingine amesikia Mwalimu Singano alifungwa kamba. Nimechoka kutoa majibu vipande vipande nikiwa na ndoo kichwani, kwa hiyo naandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa daftari hili asome. Aliyekosea kwenye safari ile ni mimi, Naomi. Anzeni na hilo.

Getini hadi Irente

Safari ilianzia kwenye ubao wa matangazo. Shule yetu ya Lushoto ina shule rafiki Ujerumani, na muhula huu walitutumia picha za safari yao: wanafunzi wa rika letu juu ya mlima mweupe, wamefunga mbao mbili ndefu miguuni, wanateleza kwenye theluji kushuka chini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Zawadi, rafiki yangu wa bweni, Msambaa wa Mlalo, alisema mama yake akimwona na mbao zile atamwuliza kuni anazipeleka wapi.

Mwalimu Singano wa jiografia hakucheka. "Wenzenu wanasafiri siku nzima kuutafuta mlima," alisema. "Ninyi mnalala juu yake, na hamjui hata kilicho nyuma ya hicho kilima cha kanisa." Basi ikaamuliwa kidato cha tatu, wanafunzi ishirini na wawili, tutembee kwa miguu siku nne kutoka Lushoto hadi Bungu, kisha tushuke Korogwe na kila mtu apande basi la kwao kwa likizo.

Mimi kwenye picha zile niliona kitu ambacho wengine hawakukitazama. Kando ya njia ya theluji kulikuwa na vijiti vya rangi, kimoja baada ya kingine mpaka bondeni. Barua yao ilieleza kwamba ukungu ukishuka, mtu anafuata vijiti na hapotei. Nikasema moyoni, hii ndiyo akili. Mnajua baba yangu anafanya kazi gani hapa shambani. Kila mwaka anapaka rangi mawe ya vitalu vya chai, wachumaji wajue pa kuanzia na pa kuishia, na mimi nilishika brashi yake kabla sijashika penseli. Nikaenda stoo nikaomba kopo dogo la rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka nguzo za mpira wa wavu. Mtunza stoo alidhani ni ya kazi ya shule. Sikumsahihisha.

Asubuhi ya kuondoka mkuu wa shule alisimama getini, mikono nyuma. Alitutazama sisi, halafu akamgeukia mwalimu. "Singano, safari hii uliing'ang'ania wewe. Watoto hawa wako shingoni mwako. Kukitokea malalamiko hata ya kuku mmoja, kazi hapa usiifikirie tena." Mwalimu alijibu, "Sawa, mkuu," akacheka kidogo, lakini nilikuwa karibu nikaona hakucheka kwa macho.

Irente tulifika mapema. Tulikaa ukingoni pale ambapo mlima unakatika ghafla na Mombo inaonekana chini, paa za mabati zinang'aa. Tulikula mkate wa kahawia na jibini. Wengi jibini iliwashinda, wakanipa mimi, nami sikuwa na aibu. Kama ningejua safari itaniishia wapi, ningekula zaidi.

Irente hadi Soni

Hapa ndipo Mwalimu Singano alipotugawa. Wenye miguu myepesi walikwenda naye mbele. Waliobaki walikwenda nyuma na Madam Tekla, mwalimu wa biolojia, mama mpole mwenye kikohozi na mwavuli. Zawadi alikuwa wa nyuma kwa sababu goti lilianza kuvimba. Mimi nilipewa kazi. "Naomi, una miguu ya mbuzi. Utakuwa wa mwisho wa kundi langu. Kila penye njia panda, weka alama, wenzako wasipotee."

Alama aliyoifikiria yeye ni ile inayojulikana huku juu na kila mtu, mkubwa kwa mdogo: unakata tawi bichi, unalilaza kukingama njia isiyofaa. Anayekuja nyuma akiona majani yamelala anajua asipite hapo. Zawadi alinionyesha kabla hatujaachana, nikafanya hivyo siku nzima.

Mbuzi wakala alama zangu zote. Madam Tekla na watu wake waliishia kwenye machimbo ya mchanga, wakarudi, wakapotea tena. Walifika Soni jua linazama, wamelowa jasho, wanatutazama kama adui. Zawadi alikuwa anachechemea. "Mbuzi wamefaidi," aliniambia, akajitupa juu ya mkeka. Mwalimu Singano hakunifokea, alisema tu, "Kesho weka alama isiyoliwa." Maneno yake hayo nimeyarudia sana kichwani. Nilijua hakusema rangi. Lakini pia hakusema isiwe rangi, na mimi nilijishikiza hapo.

Soni hadi Bumbuli

Siku ya pili sina la kuwasimulia isipokuwa mvua na peasi. Soni tulinunua peasi ndoo nzima, tukazila njiani, na kufika Vugha nusu ya kundi ilikuwa vichakani ikishika tumbo. Barabara ilikuwa pana, alama hazikuhitajika. Bumbuli tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi. Mama mmoja mpishi alitupikia makande yenye mahindi magumu, tukatafuna mpaka taya zikachoka. Zawadi alikandwa goti kwa maji ya moto, akasema kesho atatembea polepole sana, tusimsubiri.

Bumbuli kwenda msituni

Kijiji cha siku ya tatu sitakitaja. Wametendewa ya kutosha, hawahitaji tena jina lao lizunguke.

Tulikipita mchana, nacho kilikuwa kitupu. Ilikuwa siku ya gulio, watu wazima wote walikuwa wameshuka sokoni na kabichi zao. Njia ilitoka kwenye nyumba, ikaambaa na mlima katikati ya mashamba, halafu ikagusa ukingo wa msitu na kuufuata. Vijia vilikuwa vingi mno, kila shamba na kijia chake. Niliwatazama wenzangu wakipotelea mbele, nikafungua kopo.

Niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilipaka jiwe la kwanza, nikahesabu hatua thelathini kama baba, nikapaka la pili. Palipokosa jiwe nilipaka shina la mti wa muwati. Penye matuta ya viazi mviringo nilipaka mawe ya kingo. Mstari ulinyooka vizuri, kutoka nyumba ya mwisho hadi msituni, ukisimama pale juu unauona wote. Watoto watatu walikuwa wananifuata kwa mbali. Niliwapungia mkono wenye brashi, wakakimbia. Niliona ni ushamba.

Kumbukeni pia sare yetu: sweta la kijani, sketi ya kijani. Sikuwaza chochote kuhusu hilo.

Jioni kundi letu lilifika ng'ambo ya bonde, kwenye ukumbi wa usharika ambapo tulikuwa tumeombewa nafasi. Madam Tekla alipiga simu kabla mtandao haujakata: goti la Zawadi limegoma, wangelala kwenye shule ya kile kijiji na kutufuata asubuhi. "Njia tunaiona vizuri sana," alisema. "Kuna alama nyekundu." Mwalimu Singano aliniuliza nimetumia nini. Nikamwambia rangi kidogo. Alikuwa anagawa blanketi, sidhani kama alinisikia.

Kurudi nyuma

Asubuhi hawakuja. Saa mbili, hawakuja. Saa nne mwalimu alipiga simu mara sita, haikupatikana. Aliwaacha wengine na mzee wa kanisa, akanichukua mimi kwa kuwa ndimi niliyeijua njia jiwe kwa jiwe.

Alama ya kwanza tuliyotakiwa kuiona haikuwepo. Palikuwa na shimo, na udongo mbichi. Jiwe lilikuwa limeng'olewa. La pili pia. Tulipofika kwenye muwati, gome lilikuwa limebanduliwa kwa panga mpaka kwenye nyama ya mti, lakini chini kwenye mizizi lilibaki tone moja jekundu. Mwalimu aliinama akalitazama. Kisha akaitazama mikono yangu. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji, ilikuwa bado kwenye kucha zangu zote. Niliivuta ndani ya mikono ya sweta. Hakuniuliza kitu, tukaendelea kutembea.

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Shikamoo mama," nikasema. Hakuitika. Mzee mwenye jembe alikuja upande wetu. "Shikamoo babu." Alipita. Ninyi mnajua hapa kambini mtu anaweza kukupita kwa kuwa amechoka, lakini kule shikamoo haiachwi hewani hata kwa mtoto wa adui. Kufikia ya nne nilitaka kuacha, na mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini, "Endelea kusalimia. Usiache."

Mbele ya ofisi ya kijiji kulikuwa na lundo la mawe. Mawe yangu. Walikuwa wameyabeba yote usiku na kuyarundika pale kama ushahidi, na watu labda mia walikuwa wamesimama kuyazunguka, wengi na majembe. Ndani, kwenye mabenchi, Madam Tekla na wenzetu kumi na mmoja walikuwa wamekaa kimya na vikombe vya uji mapajani. Zawadi aliniona. Akatazama pembeni haraka, nikaelewa kwamba alijua tangu jana ni kazi ya nani, na kwamba ameulizwa, na hakusema.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mzima aliyevaa koti na mabuti ya mvua. Alimpa mwalimu mkono, akampa kiti.

"Mwalimu, sisi si watu wabaya," alisema. "Watoto wamelala salama, wamekunywa uji. Lakini hawatoki hapa mpaka tujue mpaka wa msitu umesogezwa na nani."

"Mpaka?" mwalimu aliuliza.

"Walishakuja watu kabla yenu. Sweta za kijani hivyo hivyo. Walisema wanapima tu. Wakapaka mawe rangi nyekundu, wakaondoka. Baada ya mwezi tukaambiwa lililo juu ya mawe ni msitu. Mtu alikuwa na maharage yamekauka, yanasubiri kung'olewa, hakuruhusiwa kukanyaga. Yaliozea pale, tukiyatazama." Alinyoosha kidole kwenye lundo. "Jana tumetoka gulioni, watoto wanatuambia watu wa kijani wamepita na brashi. Mstari umekata mashamba ya kaya kumi na nne. Wewe ungefanya nini?"

Watu walianza kusema wote pamoja, kwa Kishambaa. Mimi sijui Kishambaa, na kutoelewa kulinitisha kuliko kama ningetukanwa kwa Kiswahili. Nilijipenyeza nikakaa karibu na Zawadi. Alininong'oneza bila kugeuza kichwa: "Wanasema aliyepaka apelekwe wilayani. Wanasema safari hii hawangoji mwezi."

Mwalimu Singano alisimama. Alisema, "Shikamooni wazee wangu." Wachache waliitika. "Alama hizo ni za kuwaongoza wanafunzi wasipotee. Hazina uhusiano wowote na msitu. Niliziagiza mimi. Kosa ni langu."

"Uliziagiza wewe?"

"Mimi."

"Rangi nyekundu, kwenye mawe, katikati ya mashamba ya watu. Na wewe ni Msambaa."

Ningeweza kusema hapo. Mdomo ulikuwa wangu na ulimi ulikuwa wangu. Nikawaza kufukuzwa shule, nikamwaza baba akisikia, nikawaza kwamba mwalimu ni mtu mzima, atajua la kufanya. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na siwezi kuliremba. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Mtendaji wa kijiji alileta karatasi. Aliandika polepole, akasoma kwa sauti: kwamba mwalimu fulani amekiri kuweka alama za mpaka kwenye ardhi ya kijiji bila idhini, na kwamba barua itakwenda kata, wilayani na kwa mwajiri wake. Akaisukuma mezani na kalamu juu yake. Nilikumbuka maneno ya pale getini. Hata kuku mmoja, alisema mkuu. Mwalimu aliisoma barua nzima mwenyewe, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, akashika kalamu.

Wakati huo kijana mmoja mwanamume aliingia na kusema jambo kwa Kishambaa. Mwenyekiti akafunga macho. Nilimgusa Zawadi.

"Anasema Bibi Luiza bado anachimba," alininong'oneza. "Amechimba viazi vyake tangu alfajiri. Vina mwezi mmoja na nusu tu. Wamemwambia aache, hasikii. Anasema maharage yake yalioza mara ile, safari hii hawaachii hata kiazi."

Kwetu viazi tunanunua kwa kipimo cha sado, lakini hata mimi nilijua mwezi mmoja na nusu si viazi. Nikasimama. Benchi lilianguka nyuma yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliyepaka ni mimi. Mwalimu aliagiza majani." Nikatoa mikono kwenye sweta, nikaionyesha.

Nilisikia mtu akiweka kikombe chini. Mwenyekiti aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mtoto hapaki mstari kama ule bila kutumwa. Umefunzwa na nani?"

"Baba. Anapaka mawe kwenye shamba la chai."

"Baba yako ni wa wapi?"

"Mbena. Wa Njombe. Tunakaa kambini, juu ya Muheza."

"Shamba lenu liko wapi?"

"Hatuna shamba."

"La babu?"

"Liko Njombe, nasikia. Sijawahi kufika."

"Sasa hapo mnapokaa, ardhi mnayolima?"

"Hatulimi, mzee. Ardhi ni ya kampuni. Tunanunua chakula."

Mama mmoja pale mlangoni alisema kitu, si kwa ukali. Wengine wakaguna, wakatikisa vichwa. Nilimwangalia Zawadi. Alisita kabla ya kunitafsiria.

"Anasema, kama hawana shamba, angejuaje."

Wenzangu wa kambini, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo. Sikujiandaa kuhurumiwa. Hasira ilitoka ndani ya chumba kile taratibu, na wote walinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu kimoja. Ninyi mlionijua tangu utotoni, niambieni, je, kuna siku yoyote tuliona jiwe lililopakwa rangi tukaogopa? Kwetu jiwe jekundu maana yake ni hapa ndipo mama aanze kuchuma.

Mwenyekiti alichukua ile karatasi kutoka mbele ya mwalimu, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni. Hakuichana. "Hii nakaa nayo," alisema. "Mawe mtayarudisha mahali pake, yote, na rangi itoke. Halafu wewe binti utakwenda kwa Luiza. Umwambie wewe mwenyewe. Sisi amekataa kutusikia."

Shamba la Bibi Luiza

Zawadi alikuja nami akichechemea, kunitafsiria kama ingehitajika. Shamba lilikuwa kwenye mteremko, matuta kumi na mawili. Nilihesabu kwa sababu sikutaka kumtazama yeye. Matuta tisa yalikuwa yamefunuliwa, mashina ya kijani yamelala kifudifudi, maua bado yako juu yake. Bibi Luiza alikuwa ameinama kwenye la kumi, kanga imefungwa kiunoni, jembe linapanda na kushuka bila kupumzika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," alisema bila kuinuka. Ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza kuitikiwa siku ile, na machozi yakanitoka hapo hapo.

Nikamwambia. Kwa Kiswahili, haraka, yote: kwamba si mpaka, kwamba ni njia tu ya wanafunzi, kwamba hakuna mtu wa msitu aliyekuja, kwamba ni mimi na kopo la shule. Alichimba shina moja zaidi. Halafu lingine. Kisha akasimama na jembe mkononi.

"Kwa hiyo shamba bado ni langu?" Kiswahili chake kilikuwa na ule mvuto wa Kishambaa, lakini kila neno nililisikia.

"Ni lako, bibi."

"Lote? Mpaka kwenye miti?"

"Lote."

Alikaa chini juu ya tuta. Alianza kucheka, kicheko kidogo cha pumzi, akasema, "Ee Mungu, ni langu," akarudia kwa Kishambaa, kisha akajifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanatikisika. Mimi na Zawadi tulisimama tu. Sikujua kama anacheka au analia, na sikuwa na haki ya kuuliza. Nilisema nisamehe bibi mara nyingi mpaka Zawadi akanivuta sweta ninyamaze.

Alipofunua uso alitazama matuta tisa, kisha yale mawili na kipande yaliyobaki. Akachukua kiazi kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Ngozi ilitoka yenyewe, nyembamba. Kilikuwa kidogo kuliko limau changa.

"Vichanga havikai," alisema. "Siku nne, tano, vinaoza. Gulioni hakuna atakayevitazama. Mko wangapi?"

"Ishirini na wawili, bibi. Na walimu wawili."

"Malizeni kazi yenu ya mawe, halafu uwalete."

Tulifanya kazi ya mawe mchana kutwa, kundi la mbele likaja nalo kusaidia. Kubeba jiwe kulirudisha ukingoni ni kazi ngumu kuliko kulipaka, hilo nawahakikishia. Tulisugua kwa mchanga na majivu na mafuta ya taa aliyotupa mwenyekiti. Madam Tekla alisugua na mwavuli kwapani. Hakuna mwanafunzi aliyenisemesha, na hata sasa wako ambao hawajanisemesha. Mwalimu Singano alisugua jiwe moja nami. Mwishowe alisema, "Niliagiza majani, Naomi." Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Akasema, "Na mimi nikakuacha bila kukuuliza umetumia nini." Akabeba jiwe jingine. Aliniambia ataandika ripoti kwa mkuu kama mambo yalivyotokea, upande wake na upande wangu, na mimi nije na mzazi shule itakapofunguliwa.

Jioni tulikaa uani kwa Bibi Luiza. Alikuwa amechemsha viazi kwenye sufuria mbili kubwa za kanisani, na ngozi zake, pamoja na chumvi na pilipili pembeni. Wenzangu walikuwa na njaa, wakala kwa mikono miwili, wakasifu utamu wake. Kweli vilikuwa vitamu. Mimi nilishika kimoja mpaka kikapoa. Bibi Luiza alikuja akakaa karibu nami kwenye kigoda.

"Kula, mjukuu wangu," alisema. "Havirudi ardhini."

Nikala. Alinisimamia mpaka nikamaliza sahani.

Bungu, Korogwe, nyumbani

Tulifika Bungu siku ya tano badala ya ya nne, na hakuna aliyepiga picha. Korogwe tuliagana stendi kwa maneno machache. Zawadi alinikumbatia, akaniambia goti limepona, uongo mtupu. Mimi nilipanda basi la Muheza nikiwa na mfuko wa viazi mapajani ambao Bibi Luiza alinipa alfajiri tulipoondoka. Alisema mgeni haachwi aende mikono mitupu, nimpelekee mama.

Nilifika hapa kambini jioni ile mliyoniona. Mama aliumwaga mfuko kwenye beseni na kuanza kuviosha, ngozi zikawa zinamtokea mkononi kwenye maji. Mama alilima kwao Njombe kabla hajaolewa, viazi anavijua. Akanyanyua kimoja kwenye mwanga wa mlango, akatikisa kichwa.

"Ni nani huyu anachimba viazi vikiwa bado watoto hivi?" akasema. "Hakuwa na mtu wa kumwambia asubiri?"

Baba alikuwa ameketi kizingitini anavua mabuti. Nilivuta kigoda nikakaa katikati yao, nikawaambia mwenye shamba alijua kusubiri kuliko sisi sote, na aliyemfanya ayachimbe matuta yake ni mimi.